Vigae na mawe meusi shambani mwetu: je, tunaruhusiwa kuchimba wenyewe?

Mwalimu wa Mteremkoni aliuliza:

Ndugu zangu, nawasalimu. Mimi ni mwalimu wa shule ya upili katika kaunti ya Nakuru, na swali langu linahusu shamba la baba yangu, ekari sita zilizoko kwenye mteremko upande wa Njoro, juu kidogo ya kijito. Tangu utotoni tumekuwa tukiokota humo vipande vyembamba vya jiwe jeusi linalong'aa kama chupa iliyovunjika, na mama alikuwa akitugombeza tukienda kupalilia pekupeku kwa sababu vilitukata nyayo. Mwaka huu tulipata trekta lililolima kwa kina kuliko plau ya ng'ombe tuliyoizoea, likafukua vigae vya vyungu vilivyochorwa mistari midogo ya kukatana, pamoja na kipande cha bakuli la jiwe ambalo ukingo wake umesuguliwa hadi ukawa laini kama ganda la yai. Vyote nimeviweka katika katoni ya sabuni chini ya kitanda.

Jambo jingine ni kwamba vitu hivyo hutoka hasa katika sehemu moja, kama duara la hatua arobaini hivi, ambapo udongo ni wa kijivu ilhali kwingine ni mwekundu, na mahindi ya hapo hustawi kuliko ya kwingine hata msimu ambao hatukumudu mbolea.

Chama cha historia cha shule yetu kina wanafunzi wenye ari, na wazazi kadhaa wamesema watakuja. Tukijumlisha tunafika watu ishirini walio tayari kujitolea likizo ya Agosti, wakiwa na majembe yao. Nimesoma kwamba Ulaya na Marekani watu wa kawaida wasio na shahada yoyote huchimbua makazi ya kale katika mashamba, na matokeo yao huheshimiwa. Je, sisi tunaruhusiwa? Ikiwa haturuhusiwi, ni kazi gani tunayoweza kuifanya kihalali badala ya kukaa tukitazama? Baba naye ameniagiza niulize kama jambo hili likijulikana shamba litachukuliwa.

Kigae alijibu:

Mwalimu, hongera kwa kuuliza kabla ya kuchimba, maana wengi huuliza baada ya shimo kufika kiunoni.

Nianze na sheria. Kenya inaongozwa na Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006. Kwa mujibu wa sheria hiyo, kuchimba kwa nia ya kutafuta mambo ya kale bila leseni ni kosa, hata kama shamba ni lako na hati unayo. Vitu vya kale vilivyo ardhini ni mali ya Serikali, si ya mwenye shamba wala ya aliyeviokota. Aidha, anayegundua kitu cha namna hiyo anatakiwa kutoa taarifa kwa Makumbusho ya Taifa ndani ya siku saba, akieleza mahali hasa kilipopatikana. Kwa hiyo ile katoni ya sabuni imekwisha kuchelewa, lakini peleka taarifa sasa, kwa maandishi, ubaki na nakala. Kuhusu hofu ya mzee, Waziri anao uwezo wa kutangaza eneo kuwa turathi inayolindwa, na tangazo hilo linaweza kuzuia baadhi ya matumizi ya ardhi. Hata hivyo hutanguliwa na ilani, na mwenye ardhi ana haki ya kuwasilisha pingamizi. Vigae vichache kutoka shambani havifikishi mtu huko. Watumishi wa makumbusho wakija, kwa kawaida wanakuja na daftari na kamera.

Sasa tuje kwenye lile duara la kijivu, kwa kuwa ndilo lililonifanya niisome taarifa yako mara mbili. Mwaka 2018 watafiti walitangaza matokeo ya kazi yao katika maeneo matano ya kaunti ya Narok yaliyokaliwa na wafugaji wa kale, kati ya miaka 3,700 na 1,550 iliyopita. Waligundua kwamba samadi iliyorundikana katika maboma ya wafugaji hao iligeuka kuwa tabaka la udongo wa kijivu, laini, lenye fosforasi, kalsiamu na magnesiamu nyingi kuliko udongo wa jirani, na kwamba rutuba hiyo ipo hadi leo na nyasi za hapo bado huvutia wanyama. Kwa maneno mengine, huenda mahindi yenu yanakula samadi ya ng'ombe waliokufa kabla ya Nabii Isa kuzaliwa. Nasema huenda, kwa sababu boma la babu yako wa juzi nalo lingeweza kuacha doa kama hilo, na vigae vya kale vikawa vimeletwa na maji kutoka juu ya mteremko. Haya mawili hayatenganishwi kwa macho, wala hayatatenganishwa na watu ishirini wenye majembe.

Eneo lenyewe si geni. Katika Pango la Mto Njoro, ambalo wanaakiolojia Mary na Louis Leakey walilichimbua mwaka 1938, yalipatikana mabaki ya watu wapatao themanini waliochomwa moto baada ya kufa, wakiwa na mabakuli ya jiwe, michi, na shanga nyingi, na umri wake unakaribia miaka elfu tatu. Kipande chako cha bakuli kina ndugu zake karibu sana. Lile jiwe jeusi ni obsidiani, kioo cha volkano, na kila mlima una mchanganyiko wake wa kemikali. Ndiyo maana maabara inaweza kusema kama kibanzi kimetoka Eburru au karibu na Naivasha, na kwa hiyo wenye boma walikuwa wakibadilishana mali na nani. Lakini maabara haiwezi kusema lolote la maana juu ya kibanzi ambacho hakijulikani kilitoka wapi shambani. Je, vilivyomo katika katoni unakumbuka kipi kilitoka wapi?

Jirani wa Molo alijibu:

Kwa heshima zote, Bwana Kigae, mimi ni mkulima na naona jibu lako linamfaa mtu wa ofisini. Trekta linapita hapo mara mbili kwa mwaka, na kila linapopita linasaga vigae vikawa kokoto. Mwalimu akingoja leseni, barua, na mtaalamu asiye na nauli ya kuja, wajukuu wake watakuta unga. Afadhali watoto wa kijiji wachimbe leo, waweke vitu kabatini shuleni, kuliko plau ivimalize. Hata huko ng'ambo walianza hivyo hivyo, watu wa kawaida na sepetu zao.

Kigae alijibu:

Jirani, hoja yako ina uzito na sitaidharau, maana plau kweli ni adui. Lakini tazama jinsi inavyoharibu. Inavuruga udongo wa juu, tuseme sentimeta ishirini au thelathini, na vilivyomo humo vimekwisha kuhama mahali pake. Chini ya hapo, ikiwa bahati ipo, tabaka bado limelala kama lilivyoachwa. Shimo la mwanafunzi mwenye jembe huanzia pale plau ilipokomea. Likishuka nusu meta limeharibu kile ambacho trekta halijagusa kwa miaka yote hiyo.

Na kuhusu ng'ambo, mfano ninaoujua vizuri ni shamba la Koster, jimbo la Illinois huko Marekani. Mkulima Theodore Koster alikuwa akilima mahindi chini ya genge, na mawe yaliyochongwa yalikuwa yakitokeza juu ya ardhi kama ya kwenu. Jirani yake ndiye aliyempa habari mwanaakiolojia Stuart Struever wa Chuo Kikuu cha Northwestern mwaka 1968, na uchimbaji ukaanza mwaka uliofuata. Udongo uliokuwa ukiporomoka kutoka gengeni kila baada ya muda ulifunika makazi yaliyohamwa, kisha watu wengine wakaja kujenga juu yake, hivi kwamba makazi yalipangana kama chapati katika sahani, na kati ya moja na jingine kukawa na udongo mtupu usio na kitu. Walishuka zaidi ya meta tisa, wakalazimika kutumia pampu kuyapunguza maji ya ardhini. Katika tabaka za chini kulikuwa na mbwa waliozikwa kila mmoja katika kaburi lake, ambao vipimo vya kaboni vilivyotangazwa mwaka 2018 vilionyesha kuwa wana umri wa miaka kama elfu kumi.

Ni kweli kwamba mikono mingi katika shimo hilo ilikuwa ya wanafunzi na watu waliojitolea. Lakini hakuna hata mmoja aliyejiamulia pa kuchimba. Kila mraba ulikuwa na msimamizi na fomu zake, na sampuli za udongo zilioshwa katika maji ili mbegu zilizoungua zielee zikakusanywe, njia ambayo Struever mwenyewe aliifafanua katika makala yake ya mwaka 1968. Wangekuwa na sepetu na kabati tu, wangepata kabati la mawe mazuri, na habari za chakula cha watu wale zingemwagwa pamoja na kifusi.

Mpwani Ughaibuni alijibu:

Naomba niongeze machache, kwa kuwa mimi ni mmoja wa hao watu wa kawaida. Nimezaliwa Malindi, sasa ni dereva wa basi mashariki mwa Uingereza, na kwa misimu mitatu ya kiangazi nimekuwa nikijitolea mwishoni mwa wiki katika shamba la ngano lililokuwa na makazi ya Zama za Chuma. Sheria ya huku ni tofauti. Mwenye shamba akikubali, na eneo likiwa halimo katika orodha ya yale yanayolindwa kwa sheria ya mwaka 1979, uchimbaji hauhitaji leseni ya Serikali. Watu wetu husikia habari hiyo, wakadhani uhuru huo uko kila mahali.

Siku yangu ya kwanza nilikuwa nimejiandaa kuchimba, nikapewa mwiko mdogo kama wa mwashi na nikaambiwa nipige magoti. Kazi ilikuwa kukwangua, si kuchimba: unavuta mwiko kuelekea kwako, unaondoa udongo wa unene wa ukucha, unaujaza katika kizoleo, unautia ndooni, ndoo inakwenda kwenye chekeche. Baada ya saa mbili, magoti yakiwa yameota sugu, msimamizi alikuja na bomba la kunyunyizia maji ya maua, akanyunyiza pale nilipokwangua. Udongo ulipolowa likatokea duara jeusi lenye upana wa sahani, kisha la pili, kisha la tatu, yamepangana kwa upinde. Yalikuwa mashimo ya nguzo. Nguzo zenyewe zilioza zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, na kilichobaki ni rangi tu. Tulipomaliza upinde mzima tulipata nyumba ya mviringo iliyoezekwa kwa majani, nami nikawaambia wenzangu kwamba kwetu ningewaonyesha msonge wenyewe ukiwa umesimama. Sasa nikuulize, Mwalimu, jembe lingeliona duara lile?

Kosa langu nalo nilieleze. Msimu wa pili nilikiona kigae kizuri kimejitokeza ukingoni mwa shimo, nami kwa furaha nikakivuta. Kilitoka na sehemu ya ukuta wa shimo ikaanguka, na ukuta ule ndio uliokuwa uchorwe mchana huo kuonyesha shimo lilijazwa mara ngapi. Hakuna aliyenigombeza. Msimamizi aliandika katika fomu kwamba sehemu hiyo imeharibiwa, akatia tarehe na herufi za jina langu, na fomu hiyo itakaa katika hifadhi nikiwa nimekwisha kufa. Tangu siku hiyo sivuti kitu.

Mzee wa Chekeche alijibu:

Wanangu, nimewasoma wote. Mimi nilifanya kibarua katika uchimbaji wa namna hii hapa Bonde la Ufa kwa miaka mingi, tukiajiriwa msimu kwa msimu, na sina cheti cha kuonyesha isipokuwa macho na magoti mabovu. Neno hili la kujitolea linanitatiza kidogo. Huko kwa wenzetu anayejitolea ana mshahara wake wa Jumatatu, lakini kijijini kwetu mtu anayeshinda shambani kwa mwenzake wiki mbili bila ujira ameacha shamba lake lipaliliwe na nani? Mwalimu, wale wazazi watakuja siku ya kwanza na ya pili. Siku ya tatu uwe na uji na chakula cha mchana, la sivyo utabaki na watoto peke yao.

Lakini kwamba mtu asiye na shahada hawezi kazi hii, hilo silikubali, na ninyi msilikubali. Mary Leakey aliyechimbua Hyrax Hill, kilima chenye makazi ya kale hapo Nakuru, mwaka 1937 na 1938 hakuwa na shahada ya chuo. Kamoya Kimeu alianza na akina Leakey mwaka 1960 kama mchimbaji wa kawaida, na mwaka 1984 ndiye aliyeona kipande cha fuvu kilichotufikisha kwa Mvulana wa Turkana, yale mabaki maarufu ya mtoto wa zamadamu, kimelala juu ya kokoto za rangi ileile. Macho ya namna hiyo hufundishwa na jua na mtu mwenye subira aliyesimama nyuma yako. Sisi tulifundishana kusikiliza mwiko. Ukipita katika udongo uliojazwa baadaye unatoa sauti nyingine, ya ulaini, na mwenye masikio husimama hapo hapo akaita.

Jambo moja ambalo Bwana Kigae hakuligusa ni mifupa. Mkikutana na mfupa wa mtu, hata jino moja, acheni kila kitu, funikeni kwa turubai, mwiteni chifu na muwape taarifa polisi na makumbusho. Msimruhusu mtoto apige picha na kuirusha kwenye simu. Nimeona eneo zuri likigeuzwa machimbo kwa usiku mmoja kwa sababu mtu alisikia kwamba kuna dhahabu ya Wajerumani, na asubuhi hatukukuta hata chungu kizima, isipokuwa mashimo na mishumaa.

Na yale mabonde madogo ya mviringo mnayoyaona katika mashamba kuanzia Nakuru hadi Uasin Gishu, yanayoitwa mashimo ya Wasirikwa, msiyachanganye na haya. Yale ni ya juzi ukilinganisha, yalikuwa mazizi ya ng'ombe. Hyrax Hill yapo, na ya wafugaji wa kale zaidi yapo hapo hapo jirani. Wapeleke wanafunzi wakayaone yote mawili kabla ya kushika mwiko. Jumba la makumbusho ya pale lilikuwa nyumba ya shamba, kwa hiyo baba yako atajisikia nyumbani.

Kigae alijibu:

Shikamoo, Mzee. Umesema kweli kuhusu chakula, na kuhusu mifupa nilipaswa kutangulia mimi.

Mwalimu, uliuliza kazi gani mnaweza kuifanya, nami sikukujibu. Katika barua yako kwa makumbusho, omba idhini na msimamizi wa kutembea shambani, si kuchimba. Wakati wake ni baada ya kulima na mvua ya kwanza kuosha vitu, kabla mahindi hayajaota. Gawanyeni ekari zile kwa kamba na vigingi katika miraba ya meta kumi kwa kumi, kila mwanafunzi apite mstari wake kwa mwendo wa pole, na kila mraba uwe na mfuko wake wenye namba iliyoandikwa kwa kalamu isiyofutika. Hesabuni pia miraba isiyo na kitu. Baada ya siku chache mtakuwa na ramani inayoonyesha vigae vinakoma wapi, obsidiani imejaa wapi, na kama duara la kijivu linalingana nazo au halilingani. Vitu vya juu vimekwisha kuhamishwa na plau, kwa hiyo hasara ni ndogo mkiandika vizuri. Mtaalamu akija na leseni, ramani hiyo itamwambia aweke shimo la meta moja wapi, badala ya kubahatisha katika ekari sita. Na mwaka huu mwombe mzee asirudie lile trekta katika duara. Plau ya ng'ombe inatosha.

Mwalimu wa Mteremkoni alijibu:

Nawashukuru wote, na Mzee wa Chekeche pokea shikamoo yangu. Nimemsomea baba majibu haya jioni baada ya chakula. Amekubali plau ya ng'ombe, ingawa amelalamika kwamba mwenye trekta amekwisha kupokea malipo ya awali ya msimu ujao. Kuhusu pingamizi alinitaka nilirudie mara tatu, kisha akanyamaza, nami naona ameridhika kwa kiasi.

Swali la Bwana Kigae kuhusu katoni limenitia aibu. Nilipoimimina sakafuni nilikuta vitu sitini na vitatu, na ninavyoweza kusema kwa hakika vilitoka wapi ni vitano: bakuli la jiwe, ambalo lilikuwa karibu na mparachichi, na vigae vinne nilivyoviokota siku ileile. Vilivyobaki vimeokotwa na sisi watoto kwa zaidi ya miaka ishirini. Nimevitenga katika mifuko miwili na kuandika hivyo juu yake. Barua nimeiandika, na kesho naipeleka mwenyewe mjini pamoja na mchoro wa shamba, nikiwa na mfuko ule mdogo mkononi.

Bado nina jambo moja kwa Mpwani: je, ile miraba ya meta kumi, mlikuwa mkiipimaje kwenye mteremko? Kamba yangu nikiilaza juu ya ardhi inanipa urefu mmoja, nikiinyoosha hewani inanipa mwingine.

Mpwani Ughaibuni alijibu:

Inyoosheni hewani, Mwalimu, iwe sawa na maji yaliyotulia, kisha mteremshe timazi kutoka kwenye ncha yake hadi ardhini. Kigingi kinapigwa pale timazi inapogusa. Jiwe lililofungwa kwenye uzi linatosha.